Kuirudisha Majini Mashua ya Zamani ya Tanga katika Mito ya Norfolk

Mashariki mwa Uingereza, katika jimbo la Norfolk, mito inayokwenda taratibu huunganisha maziwa madogo yaitwayo Broads, ambayo asili yake ni mashimo yaliyochimbwa na watu wa karne za kati waliotafuta udongo wa mboji wa kuchoma kama kuni, kisha yakajaa maji. Kwa ajili ya maji hayo ziliundwa mashua za tanga za kulala ndani, zenye mbao za mkangazi juu ya mataruma (mbavu za ndani) ya mwaloni. Karakana ya Hunter's Yard katika kijiji cha Ludham, iliyoanzishwa mwaka 1932, hadi leo hukodisha mashua za namna hiyo zisizo na injini. Maelezo haya ni ya mtu aliyekabidhiwa mashua iliyokwisha kukarabatiwa, ambaye anataka kuishusha majini baada ya majira ya baridi na kuipitisha chini ya daraja mlingoti ukiwa salama.

Anza na ubao, si vanishi. Maji ya mto hayahifadhi mbao kama maji ya chumvi, na yanayodhuru zaidi ni ya mvua, yanayopenya sitahani na kutuama katika pembe zisizopitisha hewa. Pitisha mkono chini ya madirisha ya chumba, kwenye ncha za mataruma na kuzunguka kitako cha mlingoti, halafu bonyeza taratibu kwa ncha ya bisibisi: ubao mzima hukataa, uliooza hupokea. Weusi unaofuata nyuzi za mbao chini ya vanishi inayong'aa ni dalili kwamba maji yameshaingia, na kupaka vanishi nyingine juu yake ni kuyafungia ndani.

Jambo linalowaponza wengi ni nyufa kati ya mbao. Mashua iliyokaa nchi kavu miezi kadhaa husinyaa, na huenda ukaona mwanga ukipita ubavuni. Usishike nyundo. Ukishindilia pamba katika ufa mkavu mpaka ukajaa, mbao zikinywa maji zitavimba na kukosa pa kwenda, kisha zitasukumana hadi misumari ilegee au taruma livunjike. Fundi wa majahazi wa Lamu au Unguja, anayekalafati kwa pamba na mafuta, hahitaji kuelezwa hili. Badilisha pamba iliyooza au iliyotoka tu, uifunike kwa chokaa laini ya mafuta inayoweza kubanwa na kutokeza nje, na sehemu nyingine uziachie maji.

Siku chache kabla ya kuishusha, tandika magunia yaliyolowa ndani ya ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya mashua, na uyamwagie maji asubuhi na jioni. Ukiishusha, iache ikining'inia katika mikanda ya winchi usiku kucha, pampu ikiwa tayari, wala usipakie magodoro. Itavuja, na pengine itavuja sana. Toa maji na usubiri, kwa sababu kwa kawaida mvujo hupungua kadiri mbao zinavyovimba. Maji yakiendelea kuja kwa kasi ileile baada ya siku mbili au tatu, au yakitoka kama mchirizi mahali pamoja, ipandishe tena: hapo tatizo si ukavu, ni ubao uliopasuka au msumari uliotoka.

Sasa daraja. Lile la mawe la Potter Heigham, la tangu karne za kati, lina tao la chini mno, na hata wenyeji husubiri maji yapwe. Soma kibao cha kipimo kilicho kando ya mto kabla ya kulikaribia, kisha funga mashua ukingoni, tua tanga, na ulaze foromali (mti wa juu wa tanga) na boriti ya chini juu ya panda zake. Mlingoti umesimama ndani ya kasha na una uzito wa chuma au risasi kwenye kitako chake, kwa hiyo fungua kwanza kifuniko cha sitaha ya mbele ili kitako kipate njia ya kupanda. Mtu mmoja alegeze kamba ya mbele kidogo kidogo, mwingine aupokee mlingoti nyuma, na asiwepo mtu aliyesimama chini yake wala aliyeweka mguu karibu na lile tundu.

Kuvuka ni kazi ya pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia mashua. Lichomeke karibu na ubavu, weka bega kwenye kirungu chake na utembee kutoka mbele kuelekea tezi, yaani nyuma ya mashua. Ukifika mwisho, lizungushe kwanza ndipo ulivute, maana matope ya huko hung'ang'ania, na asiyelizungusha huachwa na mashua akiwa amelikumbatia pondo katikati ya mto.

Jioni, badala ya nanga yenye makucha, teremsha uzito wa chuma unaozama matopeni. Ndipo unyanyue paa la chumba, ambalo katika mashua hizi hupanda juu ya kuta za turubai ili mtu aweze kusimama ndani. Asubuhi usilishushe kabla turubai halijakauka umande, kwani likikunjwa bichi huoza, na ubao ulio chini yake huoza pamoja nalo.