Somo: Chakula cha kuku chotara wa nyama, na namna ya kuchagua dagaa

Habari za kazi, wafugaji wenzangu. Wiki hii nimeulizwa na watu kadhaa: nina kuku chotara, Sasso au Kuroiler, nataka niwauze kwa nyama, niwalishe nini? Wengi wao walikuwa wameshanunua chakula kwa kufuata bei. Bei ya mfuko haikwambii protini ni kiasi gani wala chokaa ni kiasi gani, na kuku wa wiki 3 na wa wiki 11 hawali chakula kimoja. Tuanze.

Hatua ya 1: Umri kwanza

Broila huuzwa akiwa na wiki 5 au 6. Chotara anahitaji wiki 12 hadi 14 hivi kufika kilo 2 na zaidi. Ukimlisha chakula cha broila mwanzo hadi mwisho, unalipia protini ambayo mwili wake hauwezi kuigeuza yote kuwa nyama. Ukimwacha ajitafutie kama kienyeji, wiki ya 14 unakuta kidari kimekonda na mnunuzi anakishika tu na kuondoka.

Mimi nafuata hivi: siku ya kwanza hadi wiki 4, protini asilimia 20 au karibu yake. Wiki 5 hadi 9, asilimia 16 au 17. Wiki 10 hadi kuuza, asilimia 15 au 16, na mahindi yaongezwe.

Kwa vifaranga nawaomba msibane matumizi. Nunua stata (chakula cha vifaranga) iliyo tayari. Kifaranga hula kilo moja na kidogo tu katika wiki zake nne za kwanza, na akidumaa hapo hutamfidia baadaye.

Hatua ya 2: Dagaa

Hapa kwetu, Ziwa Victoria, tuna neema ambayo mfugaji wa Dodoma anaililia. Dagaa mkavu aliye safi ana protini kama nusu ya uzito wake, na wetu ni wa maji baridi, haanikwi na chumvi. Lakini wengi wa dagaa wanaouzwa kwa ajili ya mifugo wameanikwa mchangani.

Mwaka juzi nilinunua magunia mawili kwa bei niliyoifurahia sana. Kuku wakawa wanakula, wanakunya, hawaongezeki. Nikachukua kilo 10 nikazichekecha juu ya turubai: mchanga ukatoka karibu kilo 3. Mwezi mzima nilikuwa nawalisha kuku wangu ufukwe.

Tangu hapo nikienda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, nabeba chupa ya maji na glasi. Chukua konzi ya dagaa kutoka chini ya gunia, siyo juu. Tia kwenye glasi, koroga, hesabu hadi thelathini, kisha tazama kitako cha glasi. Vumbi kidogo ni kawaida. Ukiona tabaka la mchanga, shukuru na uondoke. Halafu nusa: dagaa mzuri ananukia samaki, aliyeoza anawasha pua. Mvunje mmoja, akipinda bila kukatika hajakauka, atakuotea ukungu stoo.

Nunua siku za giza, mwezi usipoonekana. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika na bei inapanda. Waliokaushwa kwenye vichanja wana bei zaidi, nami nawachagua hao, maana kilo yao ni kilo kweli.

Hatua ya 3: Pumba na mahindi

Pumba za mahindi ziwe laini, zinukie unga. Wapo wanaochanganya maganda ya mpunga yaliyosagwa, ambayo hayamsaidii kuku chochote. Weka kidogo kiganjani upulize: maganda hupeperuka, pumba hubaki. Mahindi yenye ukungu usiyaguse hata ukipewa bure, kwa sababu sumukuvu huharibu ini la kuku na kumdumaza.

Hatua ya 4: Mchanganyiko wa kilo 100 (wiki 5 hadi 9)

Mahindi yaliyobarazwa (kusagwa kwa chengachenga) kilo 45, pumba za mahindi 20, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mafuta yakikamuliwa) 18, soya iliyokaangwa 7, dagaa 7, chokaa ya mifugo 1.2, unga wa mifupa 1, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo, chumvi gramu 300. Inakupa protini asilimia 16 na nusu hivi, kama mashudu yako ni mazuri.

Soya lazima ikaangwe mpaka iwe kahawia na harufu ya ubichi iishe. Soya mbichi humzuia kuku kumeng'enya protini. Premiksi, chumvi na chokaa changanya kwanza na kilo 5 za pumba, ndipo umwagie kwenye rundo kubwa, la sivyo kuku mmoja atapata yote na mwingine akose.

Hatua ya 5: Kumalizia (wiki 10 hadi kuuza)

Dagaa waondolewe wiki mbili au zaidi kabla ya kuuza, nyama isinukie samaki. Mahindi yawe 55, pumba 12, alizeti 15, soya 15, madini yabaki vilevile. Kila ukibadilisha chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku nne au tano.

Maswali ya wanachama, kila mmoja na anakotoka

*Igoma: Shikamoo kaka. Jirani ameacha ufugaji, ananiuzia chakula cha kuku wa mayai kwa nusu bei. Wangu wana wiki 7.*

Marahaba, mdogo wangu. Usiwape. Chakula hicho kina kalsiamu (madini ya chokaa) asilimia 3 na nusu hadi 4. Kuku wako anahitaji kama asilimia 1. Inayozidi inaumiza figo, na utaona vifo usivyoelewa.

*Misungwi: Mashudu ya pamba huku yamejaa. Naweza kuyatumia?*

Kwa vifaranga hapana, yana sumu ya gosipoli. Baada ya wiki 4 weka kilo 5 kwa 100, isizidi, na upunguze alizeti kwa kiasi hichohicho.

*Magu: Mahindi yamepanda. Mtama je?*

Mtama mweupe unaweza kushika nusu ya nafasi ya mahindi bila shida. Mwekundu una tanini, kitu kichungu kinachopunguza faida ya protini. Huo weka kidogo tu.

*Ukerewe: Mwalimu, sisi kwetu ni muhogo. Makopa yanafaa?*

Yanafaa, mama, yakiwa meupe na makavu. Yenye madoa meusi ni ukungu. Muhogo mchungu uloweke kwanza kama mnavyofanya kwa ugali. Saga, weka kilo 15 badala ya mahindi 15. Ila muhogo hauna protini ya maana, kwa hiyo ongeza dagaa kilo 2 na upunguze pumba 2. Na kwa kuwa mko jirani na wavuvi, waombeni wawaanikie kwenye vichanja, hata kama mtalipa zaidi kidogo.