Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Nusukaputi

Muuguzi wa Uganda anayetaka kufuzu kutoa nusukaputi aanze na hesabu za dawa, kwa kuwa hapo ndipo nimeona wenzangu hodari wakiteleza. Chukua mgonjwa wa kilo 60: ketamini (dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi) ya mshipani, kwa miligramu 1.5 kwa kila kilo, ni miligramu 90, na ikiwa chupa ina miligramu 50 katika kila mililita, utavuta mililita 1.8. Rudia hesabu kama hiyo kila jioni kwa uzito tofauti, ukiwemo wa mtoto mchanga, bila kikokotoo.

Kisha jizoeze kujieleza kwa sauti. Mtahini akikuuliza kuhusu mama mjamzito ambaye shinikizo lake la damu limeshuka baada ya ganzi ya uti wa mgongo, usikimbilie jina la dawa; eleza kwanza kwamba utaita msaada, utampa oksijeni, utamwinamisha upande wa kushoto ili mfuko wa uzazi usikandamize mishipa mikubwa ya damu, na utaongeza maji ya mshipani, ndipo utaje efedrini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, na kipimo chake.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani nayo ikae kichwani.

Siku ya mtihani wa vitendo, kabla ya kumgusa mgonjwa, kagua mtungi wa oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi na taa ya laringoskopu (kifaa cha kutazamia koo), huku ukitaja kila unachokagua ili mtahini akusikie na kukupa alama zako.