Kabla Hujapanga Upya Tangi Lenye Samaki Ndani

Anayefuga samaki wa mapambo hapa Kigoma ana bahati kubwa: maji ya Ziwa Tanganyika yako mlangoni. Ila maji hayohayo yanamtaka awe mwangalifu zaidi anapobadili mpangilio wa mawe, mchanga na mimea bila kuwatoa samaki. pH ya ziwa letu, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, hukaribia 9. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia, na sehemu yake iliyo sumu huongezeka kadiri pH inavyopanda. Katika maji ya nyuzi joto 25 yenye pH 7 haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 hupita theluthi moja. Uchafu ambao samaki wa maji ya kawaida angeuvumilia unaweza kumuua wako usiku mmoja.

Kwa hiyo jua kwanza bakteria wako wanaishi wapi. Wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wamejishika zaidi kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga na juu ya mawe. Ukitoa mchanga wote siku moja na kuosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, umewamaliza. Gawa sakafu ya tangi mafungu manne, shughulikia moja, ngoja wiki mbili, pima amonia na nitriti, ndipo uguse lingine. Kipimo kiwe nyumbani kabla hujaanza. Chujio liache kama lilivyo kipindi chote hicho. Likiziba, kamua sponji ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe.

Mchanga wa siku nyingi, hasa pembeni na chini ya mawe makubwa, hushika gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo ni sumu. Usiufukue. Ufyonze kwa mpira polepole, kidogo kidogo, huku pampu ya hewa ikiwaka. Maji ya kujazia yakae kwenye ndoo wazi tangu jana yake, ndoo isiyowahi kuguswa na sabuni.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni tabia ya samaki wenyewe. Samaki wa miamba wa Tanganyika hulinda eneo. Dume na jike wa Julidochromis, mmoja wa samaki hao, wanaweza kuishi kwa amani muda mrefu, ukahamisha mawe yao, ndoa ikavunjika na mmoja akamuua mwenzake. Wenye jozi kama hiyo, nawasihi waache pango lao hadi mwisho, au waliache moja kwa moja. Ukiona mayai au vifaranga, ahirisha. Wanaoishi ndani ya maganda ya konokono nao wasisogezwe: inua ganda na utakuwa umeinua nyumba na mwenyewe.

Mawe mapya yachemshwe au yasuguliwe kwa maji ya moto, bila sabuni. Yakae juu ya kioo cha chini, mchanga uje baadaye, kwa sababu samaki hawa huchimba na jiwe lililokalia mchanga huporomoka. Ukienda mwenyewe kuchukua mimea kwenye maji yaliyotulia karibu na matete, kumbuka kichocho.

Kuhusu mimea, Vallisneria inafaa kwa maji yetu magumu. Ukiing'oa na kuipanda upya, majani ya zamani huweza kuyeyuka kabla mapya hayajachipua. Yaondoe kabla hayajaoza, na punguza muda wa kuwasha taa uwe saa sita kwa siku ili mwani usitangulie.

Anza asubuhi, siku ambayo utashinda nyumbani, na usiwalishe samaki tangu jana yake. Wakipanda juu wakihema mdomo ukiwa usawa wa maji, au mashavu yakienda mbio, ondoa mkono, badili robo ya maji, ongeza hewa. Fungu linalofuata lisubiri hadi vipimo vyote viwili visome sifuri.