Usibandike "very" kila mahali: namna ya kukoleza sifa kwenye Kiingereza cha kuandika

Nina steshenari hapa Dodoma upande wa UDOM, chuo kikuu cha hapa, natype na kurekebisha barua za watu, CV, barua za kumpendekeza mtu, mpaka maelezo ya mvinyo wa zabibu wa jamaa mmoja anayeuzia wageni. Kosa naloliona karibu kila siku ni hili, tunaandika Kiingereza huku kichwani kuna "sana". Sana yetu inabeba mizigo yote, nzuri sana, bora sana, asante sana, Waingereza hawana neno moja la hivyo kwaiyo lazima uchague.

Hatua ya 1. Andika sifa peke yake, "the wine is good". Usikoleze bado.

Hatua ya 2, na hapa ndo penye kazi. Jiulize hiyo sifa ina ngazi au imeshafika kileleni? "Good" ina ngazi kama joto letu, kuna la asubuhi na kuna la saa nane mchana mwezi wa kumi na moja, kwaiyo inapokea "very", "really", "extremely". Ila "excellent", "superb", "perfect", hizo "sana" imo humohumo ndani, ukiandika "very excellent" unamimina maji kwenye ndoo iliyojaa. Hizo zipe "absolutely" au ziache zilivyo, mi mara nyingi naziacha. Na ukigeuza, "absolutely good" nayo haikai vizuri.

Hatua ya 3. Angalia nani kazoeana na nani. "Highly" inatembea na "skilled", "respected", "recommended", lakini "highly good" hakuna mtu anaandika. Hapa hamna kanuni ya kukariri, ni kusoma tu na kuokota.

Hatua ya 4. Sisi "sana" inakuja nyuma, wao wanaanza nayo: "very good", wala sio "very much good". "Enough" ndo inafuata nyuma, "good enough", na hiyo aisee usimwandikie mtu unayemsifia, maana yake anatosha tu.

Hatua ya 5. Mitego miwili. "Too" ni kupitiliza, dada mmoja alimwandikia msimamizi wake "you are too strict" akidhani anamsifia msimamo, nikamwambia hapo umemlalamikia. Halafu "quite", kwa Mwingereza "quite good" mara nyingi ni nzuri kiasi, Mmarekani anaweza kuisoma kama nzuri haswa, sasa barua ya kuombea skolashipu kwanini ucheze kamari, itoe.

Mwisho hesabu. Ukurasa mmoja vikolezo viwili vinatosha, vingine weka kitu alichofanya mtu. Yule jamaa wa mvinyo alikuja na "very very too sweet and very perfect wine", nikamwandikia "a really smooth sweet red". Akaisoma, akaigeuza karatasi kuangalia nyuma, akaniuliza mbona fupi hivi na hela nimelipa kamili.