Somo: Kubuni injini ya chombo cha angani kwa ajili ya hadithi yako

Waandishi wengi wa bunilizi za kisayansi huanza na jina la injini. Jina linapendeza, lakini kufika sura ya saba chombo kinafanya lolote analotaka mwandishi, na msomaji hana tena cha kuhofia. Hofu yake hutokana na yale ambayo injini haiwezi. Tuanze na hayo.

Hatua ya 1: Amua muda wa safari

Fizikia iache kwanza. Kwenda Mirihi kwa njia inayobana mafuta huchukua miezi minane au tisa. Chombo kikiweza kuongeza mwendo mfululizo, kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia, hadi nusu ya njia, kisha kikageuka na kupunguza vivyo hivyo, utafika chini ya siku mbili Mirihi ikiwa karibu kabisa, kilomita milioni 55. Hizo ni hadithi mbili tofauti. Ya kwanza ni ya upweke na akiba ya chakula. Ya pili ni ya biashara, magendo na polisi.

Hatua ya 2: Chagua kasi ya moshi

Roketi husonga kwa kutema kitu nyuma, tukiite moshi, na swali ni kinatoka kwa kasi gani. Haidrojeni ikichomwa kwa oksijeni hutoka kwa kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Injini za nyuklia zilizojaribiwa Nevada, Marekani, miaka ya 1960 zilifika karibu maradufu ya hapo. Injini ya ayoni, yaani inayotema atomi zenye chaji kwa nguvu ya umeme, ya chombo Dawn, kilichorushwa 2007, ilifika kama 30, ila msukumo wake ulilingana na uzito wa karatasi mbili kiganjani.

Sasa kanuni aliyoichapisha mwanasayansi Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903. Ukitaka mwendo wa chombo ulingane na kasi ya moshi wake, lazima kiondoke kikiwa na uzito mara 2.7 ya kile kitakachobaki mafuta yakiisha. Ukitaka mwendo mara mbili ya moshi, uzito ni mara 7.4. Mara tatu, ni 20. Namba hizi tatu zinatosha riwaya nzima, na ndizo zitakazokuambia kama nahodha wako anaweza kumrudia rafiki aliyeachwa nyuma.

Hatua ya 3: Joto utalipeleka wapi?

Hapa ndipo injini nyingi za kubuni hufa, na kwangu hii ndiyo hatua tamu kuliko zote. Chukua chombo cha tani 100 kinachoongeza mwendo kwa nguvu ya mvutano wa dunia, moshi ukitoka kwa kilomita 1,000 kwa sekunde. Injini hiyo inahitaji gigawati 490, zaidi ya mara 20 ya uwezo wa bwawa la Three Gorges la China. Asilimia moja tu ikivuja, una karibu gigawati 5 za joto ndani ya chombo, na nje hakuna hewa wala maji ya kulipoza. Litatoka kwa mnururisho peke yake, yaani kwa kung'aa kama kaa la moto.

Kwa hiyo chombo chako kina rejeta kubwa, mabapa ya kutolea joto nje. Jotoridi la rejeta likipanda maradufu, kwa kipimo cha kelvini, hutoa joto mara 16, ndiyo maana utaziacha zipate moto hadi ziwake nyekundu. Anayekuwinda atakuona kutoka mbali sana, na akitoboa rejeta moja, lazima upunguze injini au upikike humo ndani.

Hatua ya 4: Sema uongo mmoja, kisha ulipie

Tuseme kuna fuwele inayounganisha viini vya atomi za haidrojeni, kama jua lifanyavyo, ila bila joto kali. Uongo ndio huo. Malipo yake: huchoka baada ya saa 400 za kazi, na huchimbwa kwenye pete za Zohali tu. Tayari una bandari moja yenye nguvu kuliko serikali, na wezi. Ukiongeza uongo wa pili ili kumwokoa mhusika, msomaji ataunusa.

Hatua ya 5: Nani anaruhusiwa kuendesha?

Kilo moja inayokwenda kilomita 700 kwa sekunde, karibu na mwendo wa katikati ya safari ile ya siku mbili, ina nishati ya tani 58 hivi za baruti ya TNT. Kila meli ya mizigo ni bomu. Andika sheria za leseni kabla ya sura ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwa nini chombo kigeuke katikati? Kwenye filamu huzima injini tu, kinasimama.

Jibu: Angani hakuna cha kukikwamisha. Ukizima injini kinaendelea na mwendo uleule, kwa hiyo breki yako ni injini ikielekezwa mbele. Tena vyumba vipange kama ghorofa, sakafu zote upande wa injini, maana msukumo wake ndio utakaowabana watu sakafuni.

Swali: Mkuu, je, mwanga wenyewe ukisukuma, bila mafuta?

Jibu: Inawezekana. Tanga la chombo IKAROS cha Japani lilisukumwa na mwanga wa jua mwaka 2010. Ila taa ukiibeba mwenyewe, kila nyutoni ya msukumo itakula megawati 300. Bora taa hiyo, leza yenye nguvu, ibaki nyumbani ikikisukuma chombo kwa mbali. Hapo jiulize: waliobaki na leza wakiasi, nani atakusimamisha?

Swali: Na kuupita mwanga?

Jibu: Mwanafizikia wa Meksiko Miguel Alcubierre alionyesha mwaka 1994 kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu kukunja anga kuzunguka chombo, lakini kwa nishati hasi ambayo hatuna. Ukiitumia, huo ndio uongo wako mmoja.

Swali: Mhusika wangu ni mpishi wa chombo, hajui fizikia. Namba hizi niziweke wapi?

Jibu: Kwenye daftari lako, zisiingie kwenye hadithi. Yeye anajua kwamba kengele ya kugeuka ikilia, masufuria yafungwe na moto uzimwe, kwa sababu kwa dakika chache mchuzi utaelea. Anajua pia kwamba rejeta ikiharibika, jiko lake ndilo la kwanza kukatiwa umeme. Mwandike akigombana na fundi juu ya hilo.