Kopo la oili la zamani: kujua umri wake na kulitunza bila kuliua

Nianze na ujinga wangu ili we usiurudie. Kopo langu la pili lilikuwa la Castrol, lile la kijani, nililitoa kwa jamaa wa skrepa huku Ngamiani, Tanga, kwa bei ya soda mbili, limeganda tope la oili kama lami, nikakaa nalo uani na brashi ya waya na sabuni ya unga nasugua utadhani sufuria ya pilau. Likang'aa kweli. Ila kule chini palikuwa na mstari wa maandishi madogo, nusu yake ikaondoka na povu, kilichobaki ni FIELD basi. Baadae ndo nkajua pale palikuwa na Wakefield, jina la kampuni iliyokuwa inatengeneza Castrol mpaka 1960 ilipobadili jina ikajiita Castrol yenyewe. Umri nikaupata, kopo ndo nishaliharibu, mkusanyaji yeyote akilishika anaona mikwaruzo ya waya kabla hajaona kingine.

Kwahiyo kabla ya kuosha, piga picha. Pande zote, kitako, mfuniko, mshono wa ubavuni, yale maandishi madogo kabisa piga kwa karibu kwenye mwanga wa asubuhi.

Sasa umri. Kuna alama zinakwambia kopo haliwezi kuwa la kabla ya mwaka fulani, hizo ziamini. Na kuna zinazokwambia haliwezi kuwa la baada, hizo ziendee polepole, maana kiwanda kikibaki na stoo ya makopo yenye nembo ya zamani hakiyatupi, kinajaza oili kinauza. Shell kwa mfano, neno SHELL lilikuwa limeandikwa ndani ya kombe lenyewe, mwaka 1971 nembo ikachorwa upya na mbunifu Raymond Loewy na neno likatoka mle ndani. Mobil yenye O nyekundu ni ya katikati ya miaka ya 60 kuja huku, yule farasi wao mwenye mbawa akiwa peke yake kwa ukubwa mara nyingi umerudi nyuma zaidi. Anuani nayo isome, ukikuta Tanganyika hapo ni kabla ya 1964 au stoo iliyochelewa kidogo.

Ila mi napenda zaidi herufi za ubora, zile za daraja la oili zilizoandikwa kwenye kopo, watu wanazipita tu. Ukiona SE, oili hiyo ni ya kuanzia miaka ya 70 mwanzoni, SF ni 1980 na kuendelea, SG mwishoni mwa 80. Kama ni zile za MS au DG uko nyuma, mfumo ule ulianza 1952. Mtu anakuuzia kopo anaapa ni la Mwingereza, la wakati wa ukoloni wallahi, unaligeuza unakuta SF/CC, unamrudishia taratibu. Pau kodi, ile mistari ya kuskani bei, hivyo hivyo, hii ya kawaida ilianza kupigwa dukani 1974.

Galoni inachanganya. Ya Mwingereza ni kama lita 4.5, ya Mmarekani 3.8. Kopo la pembe nne likiandikwa galoni tu, usilijaze maji kupima jamani, chukua rula pima kwa sentimita urefu mara upana mara kimo ugawe kwa 1000, unapata lita kwa kukadiria na unajua lilitoka upande gani.

Kulitunza. Bati la kopo ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya madini ya bati, na ile ngozi ikikwaruzwa chuma kinashika kutu kwa haraka pale pale. Ndo maana msasa hapana. Na ndimu hapana, najua kila fundi atakwambia ndimu na chumvi, ndimu inakula kutu kweli halafu inaendelea na rangi. Mimina kwanza oili iliyobaki ndani kwenye dumu upeleke gereji, sio mtaroni. Halafu kitambaa laini, maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, jaribu sehemu isiyoonekana usubiri, kitambaa kikitoka na rangi acha hapo hapo. Kausha siku hiyo hiyo. Mishono ya zamani ilichomewa kwa madini ya risasi, ni sumu, nawa mikono na watoto wakae mbali.

Mwisho paka nta ngumu ya gari, ile isiyo ya kutoa mikwaruzo, nyembamba sana. Vanishi usiguse, inageuka njano na kuitoa ni kulia. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, ukikaa Raskazone ndo zaidi, kwahiyo kopo lisikae sakafuni kwenye saruji, lisifungwe kwenye mfuko wa nailoni maana linatoka jasho, na lisipigwe jua la dirishani kwasababu nyekundu ndo inakufa ya kwanza.

Makopo ni machache kwasababu mafundi bati waliyakata. Muheza nlimkuta bibi mmoja ana kibatari, ubavuni nusu ya kombe la Shell na herufi HEL zipo ndani ya kombe, yani muundo wa kabla ya 1971, moshi umekula nusu nyingine. Nkamsalimia shikamoo bibi, nkaomba kununua. Akacheka, "Marahaba mjukuu wangu, umeme ukikatika ntawasha nembo?" Nkapiga picha tu, kwa ruhusa yake.