Daftari la wema wa Mungu, unavyoweza kuanza leo

Bwana asifiwe wapendwa. Tukiambiwa kanisani tusimame tushuhudie wengi tunaishia "namshukuru Mungu kwa uzima na afya" afu tunakaa. Sio vibaya, ila wiki nzima ndo hicho tu kilichotokea? Mungu ametenda ila sisi tunasahau upesi, kama Zaburi 106 inavyosema kuhusu Israeli, watu wamevushwa bahari ya Shamu, siku tatu tu baadae wanamnung'unikia Musa kisa maji.

Kwa hiyo andika. Daftari lolote, hata la mtoto lililobaki kurasa nyuma (simu inafaa pia ila simu zinaibiwa, mi nasema daftari). Weka tarehe, andika shida ilikuwa nini, afu andika ilivyoisha. Watu wengi wanairuka ile shida yenyewe, na hiyo ndo ya muhimu kuliko zote. Ukiandika "Mungu amenisaidia ada" mwakani haitakwambia kitu, ila ukiandika shule inafungua keshokutwa, imepungua laki na nusu, sina pa kukopa, jioni shemeji kapiga simu anarudisha hela niliyomkopesha mwaka juzi na mimi nilishaisamehe, aisee hiyo utaisoma miaka mitano mbele na presha yake utaikumbuka.

Na usisubiri muujiza mkubwa, kupona homa andika, boda kukufikisha salama kwenye mvua andika.

Kama kuandika hupendi tumia kalenda ya ukutani. Yoshua 4, Mungu aliagiza watu 12, mmoja kila kabila, wabebe mawe katikati ya Yordani, wakayasimamisha Gilgali, ili watoto wakiuliza haya mawe ni ya nini wazazi wasimulie. Sasa wewe zungushia tarehe ya siku Mungu aliyokutendea duara kwa peni nyekundu uache hapo sebuleni, watakuuliza tu "mama hii ya nini", usiwaite uwahubirie, subiri waulize.

Kwenye sala ya jioni someni Zaburi 136, ina mistari 26, mmoja anasoma mwanzo wa mstari wengine wanaitikia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Mle ndani kuna jua na mwezi, kuna wafalme Sihoni na Ogu waliopigwa vitani, afu karibu na mwisho kuna chakula, yaani vita na ugali vimeshukuriwa pamoja! Mkimaliza endeleeni na ya kwenu, "aliyemponya bibi malaria" wote mnaitikia, "aliyempa baba kibarua" mnaitikia. Mdogo akishukuru kwa chipsi msimcheke, itikieni.

Kuna ambaye anasoma hapa amefiwa, au ameomba miaka kimya. Usijilazimishe kuandika furaha ambayo huna. Asafu kwenye Zaburi 77 kwanza anauliza kama Mungu amesahau fadhili zake, anauliza kabisa, ndipo baadae anasema atayakumbuka matendo ya Bwana ya zamani. Na wewe liandike swali lako humo humo na tarehe, chini yake acha nafasi, afu rudi kurasa za nyuma usome. Daftari linasaidia zaidi siku kama hiyo kuliko kwenye kesha la mwaka mpya.

Jambo la mwisho, wema mwingi unakuja kwa mikono ya watu, nesi, jirani, yule shemeji. Wale wakoma kumi wa Luka 17 alirudi mmoja tu kushukuru, kwa hiyo jina likishaingia kwenye daftari mpigie au mtumie meseji siku hiyo hiyo. Ukitaka kumtaja kwenye ushuhuda muulize kwanza, maana wengine hawapendi kutajwa mbele za watu, na kiasi cha hela alichokupa usikiseme.